Kadi bado ina jina langu

Lushoto,
Jumapili, 15 Septemba 2024

Kwako Mama Zuhura, shoga yangu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila baridi. Agosti ya mwaka huu tuliipita kwa kuoga mara moja kwa siku, na hiyo moja yenyewe kwa kusukumana. Nimeona nikuandikie kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikata kauli kabla sijafika katikati, nakujua, na jambo hili halielezeki kwa kuanzia mkiani. Tena sipendi ulisikie kwa madereva wanaoshusha kabichi huko Tanga.

Pikipiki naiuza.

Haya, guna umalize. Haki ya kuguna unayo. Wewe ndiye uliyenipisha zamu yako ya mchezo wetu wa kuchangishana fedha Januari 2020, bati zako zikasubiri miezi mitatu mingine, ili mimi nitimize milioni mbili na laki mbili. Na wewe ndiye uliyenifundisha, pale uwanja wa mpira wa shule, watoto wakishaondoka. Umenishikia kiti kwa nyuma kama anayefundisha mtoto baiskeli, mimi naachia klachi kwa pupa, chombo kinaruka kama mbuzi kisha kinazima. Siku ya nne nikaweza kuzunguka goli mpaka goli, ukakaa chini kwenye majani ukacheka hadi ukalia. Mpaka leo nikishuka Soni kwenda Mombo nasikia sauti yako: gia ndiyo breki yako ya kwanza, usije ukapiga frii kwenye zile kona kwa tamaa ya kuokoa mafuta. Vijana wanazima injini kabisa pale juu wanateleza hadi chini. Breki zikishika moto wanashangaa mkono umebana na chombo hakisimami.

Miaka miwili ya kwanza sina la kulalamika, na nisingependa uuzaji huu uifute. Unakumbuka tulivyokuwa tunasimama stendi saa kumi na mbili kasoro, sketi zimelowa umande, bodaboda anatuangalia tu huku akipandisha bei kwa kila tone la mvua? Kwenda na kurudi ilikuwa elfu sita kwa siku. Kwa chombo changu lita moja ya petroli ilinifikisha shule na kunirudisha siku mbili, na chenji ya mandazi inabaki. Nilikuwa naamka, nakunywa chai yangu nimekaa, chai ya kukaa, Mama Zuhura! Nilivaa suruali chini ya gauni, mtandio nimeuchomeka ndani ya helmeti, na wale wazee wa kijiweni waliosema mwalimu wa kike hapandi chombo kama mwanamume ndio baadaye waliokuwa wakinisimamisha niwafikishe dukani. Watoto wakisikia mlio kwenye ile kona ya mikaratusi wanapiga kelele, "Madam huyooo," na zamu ya usafi inaanza yenyewe.

Na usiku ule Abdu alipobanwa na kifua. Baba yake mbele, mimi nyuma, mtoto katikati ndani ya blanketi, ukungu hauonyeshi hata tairi la mbele. Mshikaki, watu watatu chombo kimoja, ndiyo, naungama. Tulifika hospitali nikiwa nimeng'ata mtandio. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu. Hakumalizia, na sikumuuliza.

Fundi wetu wa pale chini ya soko naye nilimzoea. Alinifundisha kusoma plagi. Chombo kikitoka bondeni, alisema, kabureta yake imepimwa kwa hewa nzito ya kule. Huku juu hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, na mtu anadhani pikipiki ni mbovu. Akazungusha kiskurubu kimoja nusu mzunguko, ikaanza kupanda Magamba kama iliyolishwa. Nilijiona mhandisi wiki nzima. Oili nilikuwa namwaga kwa wakati, cheni naipaka, kila Jumamosi naiosha kabla ya kuosha vyombo, na baba yake Abdu alisema angejua angezaliwa pikipiki.

Sasa 2022. Mimba ya Mwanaidi ikafika mwezi wa sita na daktari akaniambia yale mashimo si ya mwenye tumbo. Chombo kikakaa ukumbini kimefunikwa khanga. Mwaka huohuo petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi watu wanasubiri bei ya EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta, kama matokeo ya mitihani. Mama mkwe akaja na wazo: shemeji yako mdogo yuko nyumbani tu, leseni anayo, mpeni aifanyie bodaboda alete hesabu. Elfu saba kwa siku, Jumapili yake mwenyewe. Hatukuandikishana. Nani anamwandikisha mdogo wa mumewe?

Ndipo simu yangu ikageuka kuwa kituo cha taarifa. Saa tatu usiku: shemeji, leo mvua, abiria hakuna, nipokee elfu tatu. Kesho yake: trafiki wamenikamata sina saiti mira, kile kioo cha pembeni, faini elfu kumi. (Tena tushukuru, kabla ya bajeti ya 2021 ilikuwa elfu thelathini.) Keshokutwa: tyubu imepasuka. Siku nyingine simu yake haipatikani kabisa, kumbe chombo amempa deiwaka, kibarua wa kutwa, na huyo deiwaka simjui hata kwa sura. Nikienda sokoni naikuta pikipiki yangu imeegemea ukuta, kiti kimeshonwa manyoya mekundu, kwenye tanki pamebandikwa stika ya simba, eksozi inapiga kelele kama imetukanwa. Nilipita kama siifahamu.

Kilichoivunja ni lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kiasi. Alikuwa anabeba kabichi kutoka mashamba ya Lukozi, lumbesa mbili nyuma na yeye amekaa juu ya tanki. Spoku zikakatika, ringi ya nyuma ikapinda, shokapu zikamwaga oili. Baadaye injini nayo ikaanza kula oili, moshi wa bluu, fundi akaifungua akanionyesha ringi za pistoni zimekwisha. Zile spea tulizoweka mwanzo zilikuwa feki, boksi lake zuri kuliko la orijino. Hazikumaliza miezi mitatu.

Nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari, tabia ya ualimu. Kuanzia Aprili 2022 hadi Julai 2023, wiki sitini na tano, alitakiwa kuleta 2,730,000. Alileta 1,794,000. Matengenezo niliyolipa mimi, 915,000. Baba Abdu akachukua kikokotoo, akaguna, akasema mbona hujapata hasara, una faida ya 879,000. Na hesabu yake ni sahihi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, shoga, kwamba hesabu yake ni sahihi.

Sasa nikueleze ambalo sikukueleza ulipokuja Idd.

Julai 2023, mwisho wa wiki, shemeji alipakia watoto watatu wanaotoka madrasa. Jioni, barabara ina utelezi, kwenye mteremko wa kabla ya daraja dogo chombo kikamshinda akaingia mtaroni. Wawili walipata michubuko. Wa tatu alivunjika mkono wa kulia, na huyo ni wa darasa la nne, wa kwangu, anakaa dawati la pili dirishani. Jumatatu alikuja shule amefungwa hogo, ile plasta ngumu, hadi juu ya kiwiko. Nilidhani atapewa ruhusa akae nyumbani. Akakaa dawatini kwake, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaanza kunakili ubaoni. Herufi zake zilikuwa zimelala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe. Nilisahihisha lile daftari wiki saba. Mkono ulipona kabla ya upimaji wa Oktoba, alhamdulillah, na alifaulu, lakini wiki saba ni nyingi kwa mtu mwenye kalamu nyekundu.

Kituo cha polisi waliniita kwa sababu kadi ya pikipiki ina jina langu. Hawakunitendea vibaya. Waliuliza tu mwenye chombo ni nani, nikajibu mimi. Matibabu tuligawana na shemeji, yaani nililipa mimi. Mama yake mtoto nilimwendea nyumbani nimejiandaa kwa matusi. Akanipa kiti, akanipa uji, akaniomba msamaha yeye, kwamba mtoto aliambiwa arudi kwa miguu akakaidi. Ule uji sikuweza kuumaliza. Nilikuwa nakumbuka usiku wa Abdu, sisi watatu juu ya chombo hichohicho, na mtaro ni uleule.

Nikaichukua pikipiki. Kwa mama mkwe nimekuwa mtu niliyemnyang'anya yatima mkate, ingawa baba yake yuko hai anacheza bao kila jioni. Shemeji mwenyewe hakufoka wala hakununa sana, sasa anaendesha ya mtu mwingine yenye mkataba wa maandishi, na nasikia hesabu analeta kila siku. Huyo mtu mwingine hana undugu naye, nadhani ndiyo siri.

Nilirudi kuipanda, sikukata tamaa hivihivi. Nilitoa yale manyoya na simba. Nikaweka ringi za pistoni orijino, cheni na spoketi mpya, tairi la nyuma. Ikawaka vizuri, kiki moja tu. Lakini kila ikigonga shimo nasikia kitu ambacho fundi anasema hakipo. Mvua za El Nino mwishoni mwa 2023 zilipochimba ile njia ya shule nikawa naisukuma mahali nilipokuwa napita naimba. Na asubuhi nikipita wale watoto wanaotembea pembeni ya barabara, yule wa dawati la pili anasogea hadi kwenye majani kabisa kunipisha. Wenzake wanapunga mikono kama zamani. Yeye anasogea.

Basi nimepata mnunuzi, kijana wa mboga kutoka Lukozi. Tulianza 950,000. Alitaka nimpe kadi, tuandikishane kwa mtendaji, ashike njia, maana ndivyo kila mtu anavyofanya. Nikamwambia hapana, jina libadilishwe TRA, kwa watu wa kodi, mkataba upigwe muhuri wa wakili, na TIN yake, namba ya mlipakodi, aje nayo. Akaniona mjeuri. Unamkumbuka mwalimu mwenzetu aliyeuza kienyeji, halafu miaka miwili baadaye akatafutwa na polisi kwa chombo ambacho hakijui hata kiko mkoa gani? Yule jina lake lilikuwa linazunguka bila yeye. Mimi langu limeshazunguka vya kutosha. Nikapunguza elfu hamsini ziwe za gharama za kubadilisha, tukakubaliana laki tisa. Nimemweleza na maradhi yote, moshi, lumbesa, ringi ya nyuma iliyonyooshwa kwa nyundo, mpaka Baba Abdu akaniita ndani akaniuliza kama nauza au natoa ushahidi.

Tunakwenda TRA Jumatano. Nikitoka pale nitarudi kwenye bodaboda kama zamani, na nimeshamchagua mmoja mtu mzima asiyebeba zaidi ya abiria mmoja hata umpigie magoti. Helmeti uliyonipa haimo kwenye bei. Kijana ameiomba mara mbili, nimekataa mara mbili.

Mchezo mpya tunaanza Oktoba, watu kumi. Nimekuandikisha, na zamu ya kwanza ni yako, usibishe, bati zile bado naziona usingizini.

Msalimie Zuhura na baba yake. Na ule ufunguo wa akiba sijauona tangu ulipohama. Angalia kwenye mkoba wako wa kahawia, mfuko wa ndani wenye zipu mbovu, uupe basi la asubuhi kabla ya Jumatano.

Mimi shoga yako,
Mama Abdu