Haki jinai si upolisi peke yake

Mhariri,

Kila majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yanapotoka, wazazi huniuliza swali lile lile: "Mama, mtoto kapangiwa kusoma haki jinai. Si ndiyo atakuwa polisi?" Nimekuwa ofisa wa probesheni, yaani anayemchunguza mkosaji kwa niaba ya mahakama na kumsimamia anapotumikia adhabu nje ya gereza, hadi nilipostaafu, hivyo naomba nafasi niwajibu kwa pamoja.

Haki jinai ni safari nzima ya shauri la uhalifu, na polisi ni mlango mmoja tu. Shauri huanza kielelezo kinapookotwa, na halijaisha mpaka mfungwa amerudi kwao na amepokelewa. Katikati hapo wanahitajika wapelelezi, wachambuzi wa taarifa za uhalifu, maofisa wa magereza, wanaowasaidia waathirika wa ukatili, watafiti. Ila anayetaka uwakili ajue mapema kwamba huko wanadai shahada ya sheria.

Kazi yangu mimi ilianzishwa na fundi viatu. Mwaka 1841, mjini Boston, Marekani, John Augustus alimwekea dhamana mlevi aliyekuwa anaelekea jela, akamrudisha mbele ya hakimu baada ya wiki tatu akiwa ameacha pombe. Hadi anafariki mwaka 1859 alikuwa amewadhamini karibu watu 2,000. Hakuwachukua ovyo. Aliuliza kwanza tabia ya mtu, umri wake, na watu atakaoishi nao akiachiwa. Maswali hayo bado ndiyo roho ya ripoti tunayompelekea hakimu kabla ya adhabu kutolewa.

Ripoti hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Nilipokea wanafunzi wengi wa mafunzo kwa vitendo kutoka vyuo vya umma, vijana wenye akili, nadharia za uhalifu wanazo kichwani. Mmoja aliniletea ripoti ya kijana aliyeiba, imeandikwa vizuri kabisa: "Mshtakiwa anatoka katika mazingira hatarishi." Nikamuuliza: analala wapi? Nani atamfungulia mlango akipewa kifungo cha nje? Aliyeibiwa anasemaje? Hakuwa na jibu, kwa sababu alikuwa ameandika yote hayo kutoka kwenye jalada. Tulikwenda. Tulimkuta shangazi aliyekuwa tayari kumpokea, na fundi wa kuchomelea aliyesema kijana huyo alikuwa mkono wake wa kulia kabla hajaanza kufuatana na kundi. Tukaenda pia kwa aliyeibiwa. Alitaka kwanza kulipwa, habari ya jela hakuitaja kabisa. Yote hayo yaliingia kwenye ripoti, na hakimu akapata kitu cha kupima.

Yule mwanafunzi hakuwa mvivu. Alifundishwa darasani miaka yote, kisha akapewa wiki chache za mazoezi mwishoni, ambazo wenzake wengi huzimalizia ofisini wakipanga mafaili. Namwonea uchungu kijana wa namna hiyo, na namwonea uchungu zaidi mshtakiwa ambaye maisha yake yako kwenye kurasa mbili alizoandika.

Naviomba vyuo vya umma vianze kuwapeleka wanafunzi mahakamani, magerezani na kwenye ofisi za probesheni tangu mwaka wa kwanza, na mwalimu awe nao. Na waajiri nao wafungue nafasi. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema katika kanuni ya 78 kwamba watumishi wa magereza, kadiri inavyowezekana, wajumuishe idadi ya kutosha ya wanasaikolojia, maofisa ustawi wa jamii, walimu na wakufunzi wa ufundi. Gereza lenye walinzi tupu bado halijafika hapo. Nafasi za kazi za kuwarekebisha wafungwa zinapotangazwa, shahada ya haki jinai itajwe wazi miongoni mwa sifa, ili mhitimu asirudishwe mlangoni na karani asiyeijua.

Ofisa wa probesheni mstaafu