Usaha umekauka, kisonono nacho je?

Mwezi uliopita dereva mmoja aliingia maabara yetu hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, akaweka kaunta pakiti ya vidonge, viwili vimebaki. "Daktari, enziku ilinishika Eldoret. Nimemeza hizi, imeisha. Asubuhi linatoka tone moja tu." (Enziku ndiyo kisonono kwa Kiganda. Ameturuhusu tusimulie bila jina.) Nikamwuliza amekojoa saa ngapi. Sasa hivi, nyuma ya lori! Ikabidi akae kwenye benchi zaidi ya saa nzima, huku akiilaani foleni ya forodha, kwa sababu mkojo tunaoutaka ni ule unaotangulia kutoka, baada ya kujizuia angalau saa moja.

Wengi hutujia hivyo, dawa kwanza kipimo baadaye. Siwalaumu, duka la dawa liko karibu na halikuulizi maswali. Lakini vidonge vya siprofloksasini, vilivyokuwa vikimaliza kisonono zamani, kijidudu kimevizoea. Siku hizi tegemeo ni sindano ya seftriaksoni. Ukimeza nusu dozi, usaha unaweza kukauka na ugonjwa ukabaki, nawe ukaupeleka nyumbani.

Lile tone tulilipaka kwenye kioo, tukalitia rangi, tukaliweka chini ya darubini. Vikaonekana vidoti vya waridi, viwili viwili kama punje za maharage zilizotazamana, vimejaa ndani ya seli nyeupe. Kwa mwanamume mwenye usaha hilo ni jibu la kuaminika. Kwa mwanamke darubini hukosa mara nyingi, na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, haionyeshi kabisa. Mteja akiniambia amepimwa klamidia kwa darubini mahali fulani, mimi hunyamaza tu. Sisi mkojo wa klamidia tunaupeleka Kampala kwenye mashine ya vinasaba, na majibu huchukua siku kadhaa.

Ugonjwa unaonitia hofu zaidi ni kaswende, kabotongo. Kidonda chake hakiumi, na baada ya wiki 3 hadi 6 hupotea chenyewe, mtu akadhani amepona. Mama mjamzito anaweza kumpoteza mtoto tumboni, ilhali sindano ya penisilini ingewatibu wote wawili. Tone la damu ya kidole linatosha: kipimo kimoja husoma kaswende na VVU kwa pamoja, majibu ndani ya nusu saa. Kama uliwahi kutibiwa kaswende, tuambie mapema. Mstari wa kipimo hicho unaweza kutokea maisha yako yote, kwa hiyo tutatumia kingine.

VVU hukawia kuonekana, kipimo cha kidole huweza kuhitaji hadi siku 90 tangu kuambukizwa. Lakini kama ngono bila kinga imetokea ndani ya saa 72, usije kwetu kwanza. Kimbia kituo cha afya ukaombe dawa za kuzuia maambukizi, maana kila saa ina uzito.

Majibu hatumpi tanboi wala bosi, hata akija na kitambulisho chako.

Dereva wetu alichomwa sindano siku ileile, akapewa na vidonge vya klamidia bila kungoja Kampala. Simu ya majibu ilimkuta Elegu, mpakani na Sudan Kusini: klamidia ipo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na mama watoto?"

Mama watoto alikuja Jumamosi, kwa boda kutoka Tororo. Hakuwa na dalili hata moja. Majibu yake tulimpa yeye mwenyewe.