Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo: data zimefika Tabora, ripoti zimebaki njiani

Ndugu Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Mipango, Fedha na Utawala,

Shikamoo Profesa.

Mimi ni karani wa ofisi ya msajili katika kampasi yetu hapa Tabora, kazi niliyoianza mwaka 2009. Njia za kawaida nimezipita zote. Nimejaza fomu za msaada, nimewapigia simu watu wa TEHAMA makao makuu, na mkuu wangu wa kazi ameandika barua mbili. Naandika hadharani kwa sababu mitihani ya semista iko karibu, na wanaoumia ni wanafunzi.

Tangu tuhamie mfumo mpya wa kompyuta wa taarifa za wanafunzi, kila tukilalamika tunajibiwa kwamba data zote zimehamishwa salama. Hilo kwa sehemu kubwa ni kweli na sibishi. Nikifungua taarifa za mwanafunzi mmoja mmoja, naona jina, alama na malipo yake yote. Zilizopotea ni ripoti, yaani zile orodha tulizokuwa tukizitoa asubuhi ili tujue nani anahitaji nini siku hiyo. Wazee waliofanya kazi stesheni yetu, ambako reli ilifika mwaka 1912, wangenielewa upesi: behewa limeingia limejaa, hati za mizigo hazikuja nalo, na hakuna ajuaye kipi kishushwe hapa, kipi kiende Mwanza na kipi kiende Kigoma.

Profesa, ripoti za mfumo wa zamani zilikuwa na maarifa ya kazi ndani yake. Watu waliziongezea kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kila walipokutana na kosa. Chukua ripoti ya wanaodaiwa ada. Wanafunzi wetu wengi ni watoto wa wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge. Fedha ya mzazi huingia mvua zikishakatika, masoko yakafunguliwa na chama cha msingi cha ushirika kikalipwa. Mhasibu wetu mmoja, sasa amestaafu, aliomba ripoti hiyo iongezwe safu tatu: kiasi kilicholipwa kila awamu, tarehe ya malipo ya mwisho, na kama mzazi ameleta barua ya ahadi. Kwa safu hizo mkuu wa kampasi aliweza kukaa na mhasibu asubuhi moja wakaamua nani aingie kwenye mtihani na nani aitwe kwanza. Leo kwenye orodha mfumo unatuonyesha neno moja tu, "anadaiwa". Aliyebakiza shilingi 40,000 na ambaye hajalipa hata senti wanasomeka sawasawa.

Liko jambo linaloniuma zaidi ya hilo. Mfumo wa zamani ulikuwa na hali nne za mwanafunzi: anaendelea, ameahirisha, ameondoka, amehitimu. Wakati wa kuhamisha data, walioahirisha waliwekwa kapu moja na walioondoka. Ile ripoti iliyokuwa ikitukumbusha nani anarejea semista hii haikuja kabisa. Binti mmoja aliyeahirisha mwaka ili ajifungue alirudi akiwa na barua yake ya ruhusa mkononi. Tulimpokea, akaanza masomo, na sisi hatukujua kwamba kwenye mfumo anasomeka ameondoka. Orodha tuliyopeleka Bodi ya Mikopo haikuwa na jina lake. Siku ya kusaini bumu, yaani fedha ya kujikimu itokayo kwenye mkopo, alisimama kwenye foleni na mtoto mgongoni, akaambiwa hayumo. Ilituchukua wiki sita kurekebisha. Katika wiki hizo alikuwa akilishwa na wenzake wa chumbani. Kosa lile lilipita mikononi mwangu, Profesa, na sijaacha kulifikiria. Zamani ripoti moja ya ukurasa mmoja ingenionya wiki mbili kabla.

Sisemi ripoti zote zirudi. Nilipokaa na wenzangu kuziorodhesha kwenye daftari, tuliona nyingine zilikuwa zikichapwa kila mwezi na hakuna aliyezisoma, na nyingine zilikuwa ni ileile kwa majina matatu. Hizo zibaki zilipo. Lakini anayejua ipi ni hai na ipi imekufa ni yule anayeitumia, na mpaka leo hakuna aliyekuja kutuuliza.

Kuna suala la maana za maneno pia. Kwa ofisi ya msajili, mwanafunzi aliyesajiliwa ni yule aliyekwisha kusajili kozi zake. Kwa mhasibu ni aliyelipa sehemu ya ada inayotakiwa. Kwa msimamizi wa mabweni ni aliyepewa ufunguo. Ripoti za zamani zilikuwa na kanuni moja tuliyokubaliana. Sasa kila ofisi inachota data kivyake, na Tume ya Vyuo Vikuu ikitaka idadi ya wanafunzi, kampasi moja inatoa majibu matatu, na kila mmoja ana hakika na la kwake.

Kwa kukosa ripoti, watu wamejitengenezea njia. Majedwali ya Excel yenye majina, alama na namba za simu za wanafunzi yanatembea kwenye flashi na kwenye makundi ya WhatsApp. Hakuna anayefanya hivyo kwa nia mbaya, kila mmoja anataka kazi iishe. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sioni tutajibu nini siku jedwali mojawapo likiangukia mikono isiyostahili.

Ninaomba, kwanza kabisa, seva ya mfumo wa zamani isizimwe mwisho wa Juni kama ilivyopangwa. Ibaki ya kusoma tu, pasiwe na anayeweza kubadilisha kitu, mpaka ripoti ya mwisho inayohitajika iwe imeandikwa upya na kukaguliwa. Ikizimwa kabla ya hapo tutapoteza kitu pekee tunachoweza kulinganishia. Pili, mtume mtaalamu wa kanzidata, yaani ile hifadhi ya data za mfumo, aje Tabora akae nasi walau wiki mbili, meza moja na karani, mhasibu na msimamizi wa mabweni. Mambo haya hayaandikiki kwenye fomu ya msaada. Mimi mwenyewe sikujua kwamba safu ya barua ya ahadi ina uzito kiasi kile hadi ilipokosekana.

Kila ripoti ikimalizika, ijaribiwe kwa semista ambayo matokeo yake Seneti imekwisha kuyapitisha. Majibu yake tunayajua, kwa hiyo tulinganishe jina kwa jina, na panapotofautiana tutafute sababu kabla ripoti haijaanza kutumika. Na ripoti zisome kutoka kwenye nakala ya kanzidata inayotengenezwa kila usiku, ili tunapochapa orodha ndefu wanafunzi wasikwame kwenye usajili kama ilivyotokea Novemba.

Za kuanza nazo ni tatu: wanaodaiwa ada kwa awamu, walioahirisha wanaorejea, na wenye mitihani ya marudio pamoja na alama zao za mazoezi ya darasani. Nyingine zinaweza kusubiri likizo.

Daftari letu lina jina la kila ripoti, nani anaitumia, mwezi gani, na uamuzi gani unaitegemea. Kurasa nne hazijakamilika kwa sababu waliojua wamehamia vituo vingine, ila nimekwisha kuwapata wawili kwa simu. Atakayetumwa atalikuta ofisini kwangu, na nitafungua mlango saa moja asubuhi.

Wako katika kazi,

Karani, Ofisi ya Msajili
Kampasi ya Tabora