Barua ya Kufunga Muhula wa Tatu: Taa za Desemba

Kwa wazazi na walezi,

Salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Leo tunafunga muhula. Ripoti wanazo watoto. Zitieni sahihi zirudi siku ya kufungua. Mwenye salio la chakula cha mchana apitie ofisini. Hayo tumeyamaliza.

Kilichonikalisha kuandika ni Gredi ya 5. Tangu wasome umeme hawanipi pumzi: tuwapeleke usiku wakaone bustani iliyopambwa taa za sikukuu. Nimekataa, nao wamenuna. Basi letu halibebi watoto usiku, na kuhesabu vichwa arubaini gizani katikati ya umati sikuwezi. Basi ombi lao nawaletea nyinyi.

Desemba iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu kwenye bustani moja hapa kisiwani Mombasa. Nilidhani baada ya robo saa atataka kwenda nyumbani. Akaganda mbele ya mwembe uliozungushiwa taa, upande mmoja unawaka, wa pili kiza, akaniuliza, "Bibi, huku mbona kumekufa?" Taa zikifungwa moja nyuma ya nyingine kwenye njia moja, ikikatika moja, umeme hauna pa kupita na zote huzimika. Fungu lenye njia yake huendelea kuwaka. Watoto wenu walilijaribu hilo darasani kwa betri za tochi; wakaliangalie likiwa na ukubwa wa mti. Waangalie kwa macho tu. Waya za nje hazishikwi, sembuse mvua ikiwa imenyesha.

Wazazi wawili watatu waliniuliza kama hili ni jambo la Krismasi. Taa nyingi za Desemba ni za Krismasi, ndiyo. Lakini mji huu huwasha taa za Maulidi na za Diwali pia, na majirani wote hutoka kutazama. Uamuzi ni wenu, sitamuuliza mtoto yeyote.

Kama kiingilio ni kizito, Mama Ngina, pale ufukoni, panatosha. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu. Salini Magharibi, kisha mkae karibu na mibuyu na mihogo yenu ya pilipili na ndimu, mngoje meli. Meli usiku huwasha taa nyekundu ubavu wa kushoto na ya kijani ubavu wa kulia. Nimewaachia watoto kitendawili: tukiwa Mama Ngina, kwa nini meli inayoingia bandarini Kilindini hutuonyesha kijani, na inayotoka nyekundu? Msiwape jibu, hata wakilia. (Baba mmoja, nahodha, nimeshamuonya.)

Siku ya kufungua kila mmoja aje na mchoro wa taa alizoziona na njia ya umeme wake anavyodhani imepita. Penseli inatosha. Asiyekwenda popote achore taa za mtaani kwake, pamoja na ile iliyoungua.

Wenu,
Mwalimu Mkuu