Mnamcheka mwenye bucha, jina la binti yangu hamlioni

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapa picha ya ubao wa bucha ulioandikwa NYAMA YA NGO'MBE, na chini yake mkaweka maneno ya wasomaji waliojichekea. Mmoja alimwambia mwenye bucha arudi darasa la pili. Mwingine aliuliza kama Ngo na Mbe ni ndugu wa baba mmoja. Huyo alinichekesha hata mimi, sikatai. Ila wa tatu, mkali kuliko wote, aliandika kwamba lugha yetu "inapoteza ng'uvu" kwa sababu ya watu kama hao. Nguvu haina alama, Mhariri. Haijawahi kuwa nayo. Na gazeti likaipitisha hivyo hivyo, bila mtu kucheka.

Nasema kwa sababu mkate wangu unatoka huko. Naandika mabango hapa Mwanza tangu 1994, zamani kwa brashi na rangi ya mafuta, siku hizi mengi ni ya kuchapwa kwa mashine. Ubao ule si wangu, lakini naweza kuwaeleza ulivyoharibika kana kwamba nilikuwepo. Fundi anapopima ubao huhesabu herufi, akagawa nafasi kwa chaki, ndipo akaanza kupaka. Ile koma ya juu, ambayo walimu huiita ritifaa, haimo kwenye hesabu. Hata zile karatasi ngumu tulizokuwa tukizikata herufi ili kupakia rangi juu yake, seti nzima ilianza na A ikaishia Z, alama hiyo haikuwemo. Kwa hiyo unamaliza maneno yote, unarudi nyuma hatua tatu, unakumbuka kuna kitu umesahau. Unatafuta pa kukitundika. G na O zimebanana. Baada ya O kuna upenyo. Basi inakwenda penye nafasi badala ya penye sauti. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe, kwenye lango la zizi la mtu, na nikalipwa.

Vijana ninaowafundisha huwapa jaribio moja tu. Sema ngoma. Halafu sema ng'ombe. Kwenye ngoma koo linapiga kama mlango unaofungwa. Kwenye ng'ombe hakuna mlango, sauti inapita puani. Ukitaka uhakika zaidi, jaribu kuivuta ile ya mwanzo. Ng' unaweza kuivuta kama nyuki mpaka pumzi ziishe. Ng ya ngoma haivutiki, utaishia kuvuta n peke yake. Panapovutika weka alama, tena baada ya g, kabla ya irabu. Kijana akishaelewa hapo humwandikia jina la marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, maana limebeba zote mbili: ya kwanza inapiga, ya pili inavutika. Huwa hawakosei tena.

Kuisahau kabisa ndilo kosa lililojaa mitaani: ngombe, ngambo, kingora, vingamuzi. Mara nyingi msomaji anaelewa, na kwenye ujumbe wa simu mimi mwenyewe siiweki. Ukurasa wa herufi hauna alama hiyo, inabidi ufungue ukurasa mwingine, na kidole kina haraka. Lakini ubaoni mambo hubadilika. Kuna dobi aliniletea karatasi imeandikwa NGARA, akitaka iwe kubwa juu ya mlango wake. Nikamuuliza, wewe ni mwenyeji wa Ngara, kule Kagera? Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Yeye alitaka nguo zing'are. Vivyo hivyo kwa mganga wa meno aliyetaka tumwandikie TUNANGOA. Kung'oa ni kazi yake, ila ngoa ni neno jingine kabisa, ni ile tamaa na wivu unaosikia watu wa pwani wakiusema wanapomsema mtu anayelilia ngoa. Jino halihusiki.

Kosa la kuizidisha, kama lile la msomaji wenu wa ng'uvu, linanishangaza zaidi kwa sababu hufanywa na waliosoma. Mtu amechekwa mara moja kwa kuisahau, sasa anaitia chumvi kila mahali: ng'uo, ng'uzo, Ng'orong'oro. Woga huo, naamini, umetokana na kicheko. Mtu aliyeelekezwa taratibu hajui kosa hilo.

Na wapo tusiopaswa kuwasahihisha hata kidogo. Mteja wangu mmoja anatoka Kongo na lugha yake ya nyumbani ni Kilingala. Kule ngombe ina g inayosikika, kama ile ya ngoma. Akisema hivyo kwa Kiswahili chake vijana wangu wanacheka. Nimewakataza.

Niseme pia habari za Waingereza, maana wasomaji wenu wawili waliwataja kama mfano wa watu wanaojali. Wanajali kweli. Mwaka 2001 mzee mmoja, John Richards, mhariri wa magazeti aliyestaafu, alianzisha chama kizima cha kuilinda alama hii. Mwaka 2019, akiwa na miaka 96, alikifunga akisema ujinga na uvivu vimeshinda. Katikati hapo, 2012, maduka ya vitabu ya Waterstones yaliiondoa alama kwenye jina lake, watu wakachachamaa. Lakini tazameni tofauti: kwa Mwingereza alama ile huonyesha mali ya nani, au herufi iliyodondoshwa. Ukiitoa kwenye jina la duka, duka linatamkwa vilevile. Sisi ukiitoa sauti inabadilika, kwa kuwa kwetu ni sehemu ya herufi. Tunayo ile ya Waingereza pia, kwenye mashairi, mshairi anapofupisha nimekuja akaandika n'mekuja ili mizani itimie. Hiyo sitaigusa, ina wenyewe.

Waganda walikwepa shida yote hii. Wao sauti hiyo wanaiandika kwa herufi yake moja, ŋ, yenye mkia. Sisi tukabaki na herufi mbili na kialama kinachofanana na vituo vya uandishi, ambacho angalau kilikuwemo kwenye kila taipureta. Na hapo ndipo balaa ninalotaka kulisema lilipoanzia, kwa sababu mashine inapokiona haioni herufi. Inaona kituo.

Usukumani, Mhariri, alama hii iko kwenye majina ya watu kuliko kwenye ng'ombe. Pale Mswahili anaposema mwana, Msukuma anasema ng'wana, na majina yetu mengi huanzia hapo. Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita, nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na karatasi zinazoletwa na wateja haziafikiani: moja ina alama kabla ya h, nyingine baada yake, nyingine haina kabisa. Zote zimepigwa mhuri.

Binti yangu amebeba jina la babu yake, nalo lina alama. Cheti cha kuzaliwa kinayo. Cheti cha shule hakina. Alipokwenda kufungua akaunti, skrini ikaandika kwamba jina lina herufi isiyokubalika, karani akamshauri aweke nafasi badala yake, kwa hiyo benki anaitwa Ng, halafu pengo, halafu kinachobaki, kama watu wawili. Alipoomba kazi, barua ya kumwita kwenye usaili ilikuja na jina lenye &#39; katikati. Aliniuliza kama hiyo ni namba yake ya usaili. Mwisho ofisi ya mwajiri ikamwambia majina hayalingani, akaape kwa wakili kwamba wote hao wanne ni yeye mmoja. Ameapa na amelipia mhuri. Ameapa kwamba yeye ni yeye.

Mpwa wangu anayetengeneza programu alinieleza chanzo. Katika lugha inayotumika kuzungumza na hifadhidata, alama hiyo ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Jina likija nayo, mashine inadhani maandishi yameishia hapo, na mwizi mwenye akili anaweza kuitumia kupenyeza amri zake. Kuna njia ya kuikabidhi mashine jina zima kama jina tu, tena ya miaka mingi, kila mwanafunzi wa fani hiyo anafundishwa. Mwenye haraka huchagua kuipiga marufuku alama. Na ile &#39; ni hiyohiyo alama iliyofungwa ili ipite salama kwenye kurasa za intaneti, kisha mtu akasahau kuifungua. Mpwa wangu anasema hata akina O'Brien wa Ayalandi wanalia kilio hiki. Sawa, ila hilo halimsaidii binti yangu kupokea mshahara.

Kwa hiyo nilipoiona picha yenu nilikasirika, na nilikaa siku kadhaa nikijiuliza kwa nini, maana utani wenyewe ulikuwa mzuri. Nadhani ni hivi. Mwenye bucha aliweka alama mahali pasipo pake, lakini aliiweka. Alijua kwamba neno hilo lina kitu hapo. Mashine za hao wakubwa zinakataa kuiweka, wenye vyeti wanaitupa, na mtu anayeidai anaambiwa ndiye mwenye matatizo. Sijawahi kuona mkichapa picha ya fomu hizo. Ninazo nne, ziko kwenye bahasha hii, majina nimeyafunika.

Mnaweza kuniambia gazeti si polisi wa herufi. Ni kweli. Lakini mnao wahakiki, na kalamu zenu husomwa ofisini. Habari moja yenye kuuliza kwa nini fomu inakataa jina halali la Mtanzania ingefanya kazi kuliko picha mia za mabucha. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967. Huwa tunalisikia likitupa maneno mapya, na ni vizuri. Lingewaambia pia watengeneza mifumo kwamba ng' ni herufi ya Kiswahili na haina budi kupokelewa, tungelishukuru huku Usukumani kwa namna ya pekee.

Bucha lenyewe, kwa taarifa yenu, liko mtaa wa tatu kutoka karakana yangu. Nililitambua kwa mlango wa bluu. Jumamosi nilikwenda na kikopo cha rangi nyekundu, nikamwambia mwenyewe nitamrekebishia bure, dakika tano tu. Akanishika mkono akacheka. "Mzee, acha kwanza. Tangu gazeti litoke watu wanakuja kupiga picha, na wakishapiga wanaona aibu kuondoka bila kununua hata nusu kilo." Nikarudi na rangi yangu, na robo ya maini aliyonipa.

Jina langu nimeliandika nyuma ya bahasha kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, ili mjue barua ina mwenyewe. Naomba msilichape. Lina alama.

Fundi mabango,
Mwanza