Watu wa Kusini kwenye filamu ya pete

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya filamu amerudia hoja ambayo nimeisikia kwa zaidi ya miaka ishirini: kwamba Peter Jackson aliisaliti riwaya ya J.R.R. Tolkien alipoitengeneza The Lord of the Rings kuwa filamu tatu, kati ya 2001 na 2003. Ushahidi wake ni orodha. Tom Bombadil hayumo. Nyimbo nyingi hazimo. Kazi ya Glorfindel ya kumwokoa Frodo, hobiti (kijitu) anayeibeba pete ya adui kwenda kuiharibu, kapewa Arwen. Faramir, kamanda ambaye kitabuni anaikataa pete kiungwana, kwenye filamu anamkokota Frodo hadi mji wa Osgiliath. Kisha anahitimisha kwamba walioitunuku filamu ya tatu Oscar 11 usiku mmoja mwaka 2004 walilewa milima ya New Zealand.

Orodha hiyo ni sahihi, sina ugomvi nayo. Kwa Faramir hata namuunga mkono. Lakini ukimpelekea fundi cherehani suruali ya marehemu baba yako akupunguzie, huhesabu vipande vilivyodondoka chini ya cherehani. Unaivaa, unatembea nayo, ndipo unajua kama inakubana na wapi. Mwandishi wenu amehesabu vipande, na suruali hakuivaa.

Nalisema hili kwa kuwa nami nilishakikata kitabu hicho mbele za watu. Msimu wa korosho wa 2004 nilikuwa mtafsiri kwenye banda umiza moja hapa Mtwara. Wasomaji vijana huenda hawakulijua banda umiza: chumba cha mabati, mabenchi yasiyo na mgongo, televisheni moja, deki moja, jenereta nje, na joto la kutosha kuivisha maharage. Mtafsiri hukaa pembeni na maiki, anapunguza sauti ya filamu, anasimulia. Wote tulikuwa tukijaribu kumwiga Lufufu, bingwa wa kazi hiyo, ambaye kanda zake zilifika mpaka vijijini kwetu. Filamu zilikuja na basi kutoka Kariakoo, na tangu daraja la Mkapa pale Rufiji lifunguliwe 2003 zilikuwa zinafika upesi kidogo. Tukatundika tangazo: filamu ya pete, sehemu zote tatu, siku tatu mfululizo.

Mimi kitabu nilikuwa nimekisoma. Mwalimu mmoja wa kujitolea aliyeondoka aliniachia juzuu zote tatu, nikazisoma kwa kamusi, mwaka mzima. Kwa hiyo nilijua vilivyokatwa kabla ya mwandishi wenu. Usiku wa kwanza nikajifanya mjuzi, nikasimamisha masimulizi kueleza kwamba hapa kuna mzee anaitwa Bombadil, anaimba, ana buti za njano. Benchi la nyuma likanijibu: "Mtafsiri, yupo au hayupo?" Nikasema hayupo. "Basi achana naye, tuambie hao wapanda farasi weusi wanataka nini." Ule ndio ulikuwa uhakiki wa kwanza wa filamu hiyo kwa Kiswahili cha Mtwara, na nauheshimu mpaka leo.

Watazamaji wale hawakutishika pale walipotarajiwa kutishika. Wale orki, askari wa adui wenye sura zilizochongoka, waliwafanya watoto wacheke, kwani mtoto wa Kimakonde aliyekwisha kukimbizwa na lipiko, mcheza ngoma mwenye kinyago, mchana kweupe hawezi kuogopa kinyago cha kwenye televisheni. Aliyewanyamazisha ni Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na tamaa ya pete, hasa anaposemezana na nafsi yake. Mama mmoja muuza vitumbua alisema huyo si jini, huyo ni mlevi wa gongo aliyeapa kuacha. Sijapata kusoma tahakiki ya Ulaya au Marekani iliyomweleza Gollum kwa ufupi kiasi hicho.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Usiku wa pili, kwenye ile filamu ya minara miwili, kuna mahali Frodo na mwenzake Sam wamejificha vichakani, na jeshi linapita chini na tembo wakubwa kama majengo ya ghorofa. Watu wa Faramir wanalishambulia. Mmoja wa wale wapanda tembo anarushwa, anaanguka, anakufa, filamu inaendelea. Watu wakauliza: hawa ni kina nani? Nikasema bila kufikiri, kama kitabu kinavyowaita: hawa ni watu wa Kusini, wameitwa kupigana upande wa adui.

Banda likalipuka kwa kelele. Wewe Mhariri uko Dar es Salaam, pengine hujui neno "Kusini" lina uzito gani huku. Sisi ndio Kusini. Ukisema "watu wa Kusini" Mtwara au Lindi, hujataja upande wa dira, umemtaja aliyekaa kwenye benchi. Mzee mmoja wa mtaa wa Reli akasema kwa upole ulionichoma kuliko zile kelele: "Mwanangu, kumbe hata huko kwa wazungu, Kusini ndio wabaya?"

Nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa kitabuni. Kwenye riwaya, Sam anamwona yule maiti wa Kusini na anajiuliza jina lake lilikuwa nani, kama kweli moyo wake ulikuwa mbaya, ni uongo gani au vitisho gani vilivyomtoa kwao, na kama hangependa zaidi kubaki nyumbani kwa amani. Ni aya fupi mno. Jackson aliipiga picha, akampa Faramir maneno hayo, kisha akaiondoa kwenye toleo la sinema. Ilirudi kwenye toleo refu lililotoka kwa DVD Novemba 2003. Letu lilikuwa toleo fupi. Basi nikasimamisha deki, nikayasema maneno ya Sam kwenye maiki kwa Kiswahili, picha ikiwa imeganda juu ya vumbi. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Haya, endelea."

Hapo ndipo suruali inapobana, Mhariri. Bombadil akiondoka, safari inabaki ileile. Aya ile ikiondoka, vita vinabadilika. Kilichokuwa huzuni ya mwandishi aliyepigana Somme mwaka 1916 kinageuka kuwa maadui wasio na majina wanaodondoka kutoka juu ya tembo. Mwandishi wenu ameandika safu nzima juu ya mzee wa buti za njano, na mfu huyu hakumpa hata nusu sentensi.

La pili liko mwishoni. Wakosoaji wengi walilalamika kwamba filamu ya tatu ina miisho mingi. Kwetu pia nusu ya banda walisimama na kutafuta kandambili zao mara tatu. Lakini pamoja na miisho yote hiyo, mmoja haumo. Kitabuni, wahobiti wanne wanarudi Shire, nchi yao, na kukuta kwao kumeharibiwa: miti imekatwa, kinu cha zamani kimebomolewa na kujengwa kikubwa kinachochafua mto, na mpango wote uko chini ya mchawi Saruman. Wanalazimika kupigana tena, uani kwao. Kwenye filamu wanarudi, Shire iko kama walivyoiacha, wanakaa kilabuni na vikombe vyao, wanatazamana. Uharibifu tunauonjeshwa tu kwenye filamu ya kwanza, Frodo anapochungulia kwenye maji ya Galadriel, bibi wa msituni, yanayoonyesha yanayoweza kutokea.

Naijua hoja ya kuutetea mkato huo, na si hoja mbaya. Filamu ilikwisha kupita saa tatu, steringi ameshashinda, huwezi kumwanzishia mtazamaji vita vipya. Na ule ukimya wa vikombe ni mzuri. Askari yeyote aliyerudi kwao ataujua. Ila usiku ule nilikuwa na mzee wa Reli mbele yangu, nikashindwa kujizuia. Nikawaeleza kilichomo kitabuni.

Yule mzee alifanya kazi Nachingwea ujanani, kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Ulianza 1947, mapori yakafyekwa kwa matrekta, ukafutwa 1951 ukiwa umemeza pauni milioni 36. Reli ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, na karanga zilipokataa, nayo ikang'olewa. Mtaa wake unaitwa Reli na hauna reli. Niliposimulia miti ya Shire akauliza: "Na hao wakubwa wa kinu, waliomba radhi?" Nikamwambia hapana, mmoja alikatwa koo na mtumishi wake. Akacheka hadi akakohoa.

Tolkien mwenyewe, katika dibaji ya toleo la pili la riwaya, alikana kwamba sura hiyo inahusu Uingereza ya baada ya vita. Alisema mizizi yake ni mashamba ya utotoni, yaliyoharibiwa kabla hajatimiza miaka kumi. Kwa hiyo sidai aliandika kuhusu Nachingwea. Nadai tu kwamba mtu wa Nachingwea angeielewa sura hiyo bila kamusi.

Wahakiki wenye majina makubwa hawakuwahi kukubaliana, na mwandishi wenu angewaambia wasomaji hivyo. Kitabu chenyewe, mwaka 1956, Edmund Wilson wa Marekani alikiita takataka za kitoto. Roger Ebert aliipa filamu ya kwanza nyota tatu kati ya nne, na lalamiko lake lilikuwa zito: kwamba wahobiti, ambao ndio moyo wa kitabu, wamesukumwa pembeni na wapiga panga. Christopher Tolkien, mtoto wa mwandishi, aliliambia gazeti la Le Monde mwaka 2012 kwamba kitabu cha baba yake kimetolewa matumbo kikafanywa filamu ya mapigano ya vijana. Hata zile Oscar 11, zilizotoka kwa uteuzi 11, hakuna hata moja ya mwigizaji. Hiyo ingekuwa hoja nzuri zaidi ya ubishi kuliko Bombadil.

Ombi langu ni dogo. Mwandishi wenu akirudia filamu hii, aseme ametazama toleo lipi, fupi au refu, maana kwa mfu wa Kusini hizo ni filamu mbili tofauti. Aseme pia ameitazama akiwa na nani. Akihitaji kitabu, namkaribisha Mtwara, juzuu zangu bado zipo. Ya kwanza tu imeguswa na mchwa, nao wameanzia kwenye sura za Bombadil, kwa hiyo siku hizi nami nina toleo fupi.

Msomaji wenu,
Chikongola, Mtwara