Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kuusikiliza Muziki wa Jadi wa Uskoti

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliamua kwa kura kwamba chama chetu, kilichozoea kukutana kusikiliza taarab, dansi na rumba ya Kongo, kitumie mwaka mzima kuujua muziki wa jadi wa nchi tunayoishi. Uamuzi huo haukupita kwa urahisi. Baadhi ya wazee wetu walisema, na walikuwa na haki, kwamba watoto wanaozaliwa hapa Glasgow wanasikia zumari za Waskoti kila wanapopita Buchanan Street, ilhali wimbo wa Siti binti Saad hawajausikia hata mara moja. Kamati haikuipuuza hoja hiyo. Nitaieleza tena mbele kidogo, kwa sababu tuliyoyasikia mwaka huu yametupa njia ya kuishughulikia.

Upande wa muziki nimeurefusha, upande wa vikao nimeufupisha. Wanachama walio mbali, hasa wa Muscat na Mombasa, waliomba maelezo yatakayomfaa mtu asiyejua lolote kuhusu muziki huu.

Waimbaji kwanza

Nilisisitiza tuanze na waimbaji, vyombo vije baadaye. Wengi huijua Uskoti kwa sketi za mirabamiraba na zumari za gwaride, na anayeishia hapo hajafika kwenye chimbuko. Nyimbo za nchi hii ziko katika lugha mbili. Kuna Kigaeli, lugha ya nyanda za juu na visiwa vya magharibi, ambayo sensa ya 2011 ilikuta ina wazungumzaji wapatao 57,000 tu. Kisha kuna Kiskoti, lugha ya nyanda za chini na kaskazini-mashariki, ndugu wa Kiingereza lakini yenye msamiati wake na matamshi yake.

Kwa upande wa Kigaeli tulikaa sana kwenye nyimbo za kazi za wanawake wa visiwa vya Hebrides. Waliizunguka meza ndefu, wakashika kitambaa cha sufu kilicholoweshwa na kukipigapiga mezani kwa mpigo mmoja mpaka kikaze na kuwa kizito cha kuhimili mvua na upepo. Kiongozi hutoa mstari, wenzake huitikia kwa silabi ambazo hazielezi kitu, lakini hazibadilishwi ovyo, kwa kuwa kila wimbo una silabi zake na ndizo zinazoutambulisha. Mashairi yanataja wapenzi waliozama baharini, vita vya koo, na vijana wa kijijini wanaotaniwa kwa majina. Aliyewahi kutwanga na wenzake kwenye kinu kimoja hahitaji kuelezwa zaidi: mchi ukishuka, neno linashuka nao. Siku tuliposikiliza rekodi hizi, akina mama wetu walianza kuitikia bila kuombwa na mtu.

Kazi yenyewe ilikoma viwanda vilipoichukua. Nyimbo zimebaki kwa sababu wapo waliokwenda kuzitafuta mapema. Margaret Fay Shaw, Mmarekani, aliishi katika kisiwa cha South Uist kuanzia 1929 hadi 1935, nyumbani kwa dada wawili, akala chakula chao, akafanya kazi zao na kuandika nyimbo zao kwa noti. Baadaye yeye na mumewe, John Lorne Campbell, walihamia kisiwa cha Canna na kukusanya huko hazina ambayo mpaka leo inatunzwa.

Waliolelewa makanisani waliguswa zaidi na zaburi za Kigaeli za kisiwa cha Lewis. Hakuna kinanda wala chombo chochote. Mwimbishaji hutoa mstari, kisha waumini huufuata kila mmoja kwa mapambo yake mwenyewe, sauti zikipanda na kushuka bila kupishana kabisa na bila kuachana. Sijasikia kitu cha kulinganisha nacho.

Upande wa Kiskoti unatawaliwa na nyimbo za visa: mauaji, mapenzi ya siri, mabaharia wasiorudi, mizimu inayobisha hodi usiku. Francis James Child, profesa wa Marekani, alizichapisha za Uingereza na Uskoti kati ya 1882 na 1898 na kuzipa namba, kuanzia 1 hadi 305, na waimbaji mpaka leo huzitaja kwa namba hizo. Baadhi ya zile nzuri kupita zote zilitoka kwa mwanamke mmoja, Anna Gordon, aliyezaliwa Aberdeen mwaka 1747 na kuzipokea utotoni kutoka kwa shangazi, mama na yaya. Profesa ndiye anayetajwa vitabuni. Mimi ningependa tumtaje yaya pia, ingawa hakuna aliyemwandikia kitabu.

Robert Burns (1759–1796), mshairi wa Kiskoti, mnamfahamu kwa Auld Lang Syne, ule wimbo wa kuagana unaoimbwa duniani kote saa sita ya usiku wa mwaka mpya. Wachache wanajua kwamba Burns mwenyewe alieleza kuwa aliupata kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuimba. Miaka yake ya mwisho aliitumia kukusanya, kutengeneza na kukamilisha nyimbo za watu kwa ajili ya mkusanyiko wa James Johnson, uliotoka katika majuzuu sita yenye nyimbo 600 kati ya 1787 na 1803, na kwa kazi hiyo alikataa malipo.

Nyimbo za vibarua wa mashamba ya Aberdeenshire nazipitia haraka, ingawa zina utamu wake. Vijana hao waliajiriwa kwa miezi sita sita na kulala pamoja kwenye vibanda vya shambani. Jioni walitunga nyimbo zinazomtaja mwenye shamba kwa jina, chakula chake kibovu na farasi wake wachovu, ili kijana wa msimu unaofuata asijipeleke kwake bila kujua. Mwalimu Gavin Greig na mchungaji James Duncan waliokota katika eneo hilo nyimbo zaidi ya 3,000 mwanzoni mwa karne ya 20.

Vyombo

Zumari ya mfuko ya nyanda za juu ina mfuko unaobanwa kwapani, mrija wa kupulizia, zumari yenye matundu na mirija mitatu inayovuma sauti moja bila kukoma. Noti zake ni tisa tu. Hewa haikatiki, kwa hiyo mpigaji hawezi kunyamaza katikati ya wimbo wala kupunguza sauti. Noti mbili zinazofanana hazitenganishwi ila kwa mapigo mepesi ya vidole, na humo ndimo ufundi wote ulimo. Ukisikia zumari inatetemeka na kurukaruka, ujue yale si madoido ya juu juu, ndiyo matamshi yake.

Gwaride mnalijua, na kila Agosti mashindano ya dunia ya bendi za zumari hufanyika hapa kwetu, Glasgow Green. Lakini muziki mkuu wa chombo hiki ni pibroch, unaopigwa na mtu mmoja, polepole, ukianza na kiini ambacho Wagaeli hukiita ùrlar, kisha kukizungushia mapambo yanayozidi kuwa magumu, na mwisho kukirudia kilivyokuwa. Ukoo wa MacCrimmon wa kisiwa cha Skye uliufundisha kwa vizazi, ukiwatumikia machifu wa MacLeod, na somo lilitolewa kwa mdomo: mwalimu aliimba silabi maalumu, mwanafunzi akazishika kwanza ndipo akaruhusiwa kushika zumari. Wanachama wetu wa Muscat walituarifu kwamba kwao zumari ya mfuko si ngeni, kwani Ghuba ina hibani yake ya ngozi ya mbuzi, na majeshi ya Oman yana bendi zinazopiga zumari ya Kiskoti.

Fidla iliwafurahisha waliotoka Unguja, na hilo lilitarajiwa, kwani taarab bila fidla ni nini? Niel Gow (1727–1807), kutoka karibu na Dunkeld, alizipigia dansi nyumba za wakubwa, na ombolezo alilomtungia mke wake wa pili bado linapigwa. Baada yake akaja James Scott Skinner (1843–1927), aliyeipandisha strathspey, dansi ya Kiskoti yenye mpigo mfupi unaoruka mbele ya mrefu. Visiwa vya Shetland, vilivyokuwa chini ya watawala wa Skandinavia hadi 1469, vina upigaji wao, wa kasi na wa nyuzi mbili kwa pamoja. Aly Bain, mzaliwa wa Lerwick, ndiye aliyeutangaza ulimwenguni. Kodiani ni ya juzi tu, na Jimmy Shand ndiye mfalme wake. Kinubi kilipotea karne ya 18 na kikafufuliwa baadaye.

Aliyebisha hodi Aberdeen

Hapa ndipo penye moyo wa mwaka wetu. Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha Shule ya Taaluma za Uskoti, na Hamish Henderson (1919–2002), mshairi na askari wa vita vya pili, akaanza kuzunguka na mashine ya kurekodi. Mwaka 1953, mjini Aberdeen, alimpata Jeannie Robertson, mama wa jamii ya watu wa kuhamahama ambao Waskoti wengi waliwadharau na kuwafukuza kando ya barabara. Mama huyo alikuwa na nyimbo za visa alizorithi kwa mama yake, ndefu na kamili, zikiwa hai kinywani, wakati wasomi waliamini zimebaki vitabuni. Jamii iliyonyimwa pa kukaa ndiyo iliyokuwa imeitunza mali ya taifa. Mwaka 1968 alipewa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza.

Binti yake, Lizzie Higgins, aliimba pia. Sauti yake na ya Sheila Stewart wa Blairgowrie zilichukuliwa na Martyn Bennett katika albamu yake Grit ya 2003, akazitia midundo ya disko na mashine. Alikuwa mgonjwa wa saratani, hana tena nguvu za kupiga zumari wala fidla, na mwaka 2005 alifariki akiwa na miaka 33. Kikao cha kuisikiliza albamu hii kilikuwa na ubishi mkali. Wapo walioona wazee wamevishwa nguo zisizo zao. Nawaheshimu, lakini msimamo wangu ni mwingine: Bennett hakuifunika sauti ya Lizzie Higgins, aliipa nafasi ya mbele kabisa, na vijana ambao wasingefungua kanda za chuo kikuu walimsikia kupitia kwake. Januari 2015 Greg Lawson aliipanga albamu nzima upya kwa okestra kubwa, ikafungua tamasha la Celtic Connections, ambalo limefanyika mjini hapa kila majira ya baridi tangu 1994.

Wa kisasa wengine nitawataja kwa ufupi kwa anayetaka pa kuanzia. Runrig walitoka Skye mwaka 1973 wakiimba roki kwa Kigaeli, wakaaga Stirling mwaka 2018. Capercaillie, pamoja na mwimbaji Karen Matheson, waliuingiza wimbo wa kale wa kupigia kitambaa katika nyimbo 40 bora za Uingereza mwaka 1992. Wa kwanza ningemshauri mtu amsikilize Julie Fowlis wa North Uist, na baada yake Dick Gaughan, kwa nguvu ya gitaa na msimamo wake.

Henderson mwenyewe alitunga. Mwaka 1960, wakati wa maandamano ya kupinga silaha za nyuklia, aliandika Freedom Come-All-Ye juu ya mahadhi ya zumari ya vita vya kwanza. Wimbo huo unawakataa askari wa Kiskoti wanaotumwa kutawala nchi za watu, na humo ndani yumo kijana mweusi wa Nyanga, kitongoji cha Cape Town, akiuangusha mti wa kunyongea. Alitunga pia wimbo wa kudai Mandela aachiliwe, na jiji hili lilimpa Mandela heshima ya uraia wake mwaka 1981 akiwa bado kifungoni. Michezo ya Jumuiya ya Madola ilipofunguliwa hapa mwaka 2014, aliyesimama kuuimba Freedom Come-All-Ye alikuwa Pumeza Matshikiza wa Afrika Kusini. Kuna wanachama wetu waliokuwa wahamiaji wapya wakati ule, na wakauona katika televisheni bila kujua unasema nini.

Mambo ya chama

Hesabu atazisoma Mweka Hazina. Zimekaguliwa na hakuna deni. Ukumbi tunaoutumia tumeongezewa mkataba. Nawashukuru akina mama wa kamati ya chakula na vijana waliobeba spika kwenye mvua.

Sasa nairejea hoja ya wazee wetu. Mwaka 1981, katika kisiwa cha Barra, wazazi walioona watoto wao wanakua bila nyimbo za kwao walianzisha fèis, wiki ya kuwafundisha watoto kwa kusikia na kurudia, bila mtihani. Leo zipo sehemu nyingi za nchi, na wanamuziki wengi mnaowasikia walipitia humo. Rekodi za Henderson na wenzake nazo zimewekwa mtandaoni tangu 2010 katika hazina iitwayo Tobar an Dualchais, ambako mjukuu anaweza kumsikiliza bibi yake bure.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu maazimio mawili. La kwanza, tufungue darasa la watoto la kila Jumamosi kwa mtindo wa fèis: ngoma, zumari ya kwetu, na nyimbo za Kiswahili, zikiwemo za Siti, wafundishwe na wazee walewale walioleta hoja. La pili, tununue kinasa sauti kizuri na kuanza kuwarekodi wanachama wenye nyimbo za harusi, za unyago, za kilimo na za bahari, kila mwimbaji akiamua mwenyewe kipi kisikike na kipi kibaki ndani ya familia. Bibi zetu watatu waliopo ukumbini leo wamekwisha kubali kuanza.

Naomba mkutano uipokee taarifa hii na kuyajadili maazimio.

Mwenyekiti